Mama Yangu Ndiye Aliyetangulia Kuvuka

Admin, nifiche jina, umri usinifiche. Nina miaka sitini na nane, meno ya kuhesabika, na darasa la saba niliishia mlangoni. Naandika kwa kidole kimoja, kwa hiyo atakayecheka herufi zangu aanze na shikamoo. Marahaba.

Naishi huku Kharumwa. Ukutani kwangu kuna picha ya kijana wa miaka kumi na saba, nywele kichaka, suruali ya bugaluu ambayo mbuzi angelala ndani ya mguu mmoja na kujigeuza, kashika gitaa. Ndiye mimi. Gitaa sikujua kulipiga, lilikuwa la mpiga picha. Watoto na wajukuu nimewalea kwa uongo mmoja: kwamba nilikuwa mwimbaji nyota, nikaacha kwa sababu koo liliugua nikalazwa hospitali ya Kolandoto. Kolandoto nimelazwa, kweli. Nilikwenda kupasuliwa ngiri.

Sasa ukweli. Katikati ya miaka ya sabini kulikuwa na fundi cherehani wa Shinyanga mjini, mtu wa asili ya pwani, mwenye bendi ya magitaa mawili na tumba. Tulimwita Kiongozi. Alinikuta mnadani nikipiga kelele kuuza mbuzi wa baba, akaniambia, "Kijana, sauti hiyo unaipoteza kwa mbuzi." Wiki hiyohiyo nikaacha shule. Bwege mimi! Akanipa jina la Kinda la Dhahabu na kunishonea ile suruali.

Niliimba Kilingala. Kilingala sikijui mpaka leo. Nilikoroga maneno ya redioni na Kisumbwa cha bibi yangu, nikamalizia na "mama eee", na wachimba dhahabu wa Geita wakafuta machozi wakisema huyu mtoto katoka Kongo. Wajinga wale. Na mjinga wao mkuu alikuwa juu ya kreti za bia, anajipepea kwa leso ya kike. Ustaa wangu ulianza pamba ikipaliliwa, ukaisha ikivunwa.

Uliishia kijijini kwetu. Wazee walimwambia Kiongozi, "Huku hatusikilizi muziki wa peke yake. Shindaneni." Kwa msio wa huku: ngoma mbili huchezwa uwanja mmoja, saa moja. Jaji hakuna. Watu wakikukinai wanavuka kwenda upande wa pili, na atakayebaki na watu kashinda. Kiongozi akacheka. Alidhani vipaza sauti vitawameza wale wacheza ngoma ya majembe.

Mwanzoni uwanja wote ulikuwa kwangu. Mstari wa mbele alisimama mama yangu na kanga mpya, amekusanya majirani zake wote. Mimi nikakata kiuno, "mama eee!" Ndipo manju wa upande wa pili, yaani kiongozi wao wa nyimbo, akanyamazisha ngoma na kuimba taratibu: "Ndama huyu analia, mama yake yuko wapi? Mwiteni amnyonyeshe."

Watu wakageuka kumtazama mama. Akanitazama. Akakaza kanga, akavuka. Wanawake wote nyuma yake, kisha wanaume, kisha mbwa. Mwisho hata mpiga tumba wetu akaweka tumba chini akaenda kucheza. Tukabaki mimi na Kiongozi, naye alikuwa anakunja nyaya.

Nyumbani nilimkuta mama anapepeta mtama.

"Mayu, kwa nini?"

"Ng'wanawane, mwanangu, wangevuka tu. Nikaona afadhali nitangulie mimi."

"Umeniua."

"Kesho tunavuna pamba. Tafuta suruali ya kawaida."

Misimu miwili sikumwamkia. Alikufa hatujalizungumza tena, na mpaka leo sijui aliniokoa au alinizika.

Mtasema ya kale hayo, mzee kalale. Sikilizeni. Nina mjukuu wa miaka kumi na sita, nitamwita Minza. Yuko kidato cha tatu, anaimba nyimbo zenu hizi za kulalamikia simu isiyopokelewa. Kapata promota, kijana wa hereni moja anayejiita meneja na chaji ya simu anaomba kwa jirani. Minza anataka kuacha shule. Mama yake akigomba, mtoto anaonyesha picha ya babu yake ukutani: "Mbona guku aliacha shule na akawa staa?"

Jumamosi hii Minza anashindanishwa na kundi la ngoma ya nyoka, uwanja mmoja, kama zamani. Ameniambia, "Guku, ukisimama mbele yangu siogopi kitu." Binti yangu, mama yake Minza, naye kanifuata nyuma ya zizi. "Baba, watu wanakuheshimu. Anza wewe kuvuka, watakufuata. Jumatatu atarudi shule mwenyewe."

Nikamwambia, na nikisema ukweli je, kwamba sikuwa staa wala nusu staa? Akasema, "Baba, atadhani unamwonea wivu, ndiyo maana unauficha ustaa wako. Yule haamini maneno, anaamini picha."

Ingekuwa Minza anaimba kama mimi, nisingewasumbua. Ningevuka na kiti changu nikakae kabisa. Shida ni kwamba juzi alikuwa anaosha vyombo, akaimba polepole bila kujua nipo, na mimi niliyewadharau waimbaji wote tangu siku ile nikasahau kuvuta tumbaku. Huyo mtoto anajua. Kwangu mama alivuka kwa sababu nilichoimba kilikuwa takataka. Kwa Minza nitavuka kwa sababu gani?

Wa kutukana mtukane kwanza mmalize, halafu mnijibu. Picha nimeishusha jana, imeacha alama nyeupe ukutani, na Minza ameshauliza iko wapi. Jumamosi kiti changu kitawekwa mbele. Magoti yangu mabovu, nikishavuka siwezi kurudi haraka. Nishaurini wenzangu, nikae palepale, au nitangulie?