Inasemekana Wamekufa Maji

Mimi nilisoma miaka miwili tu, kisha nikatolewa shuleni nilee wadogo zangu. Lakini kusoma hakukunitoka. Mtu akiniambia jambo limeandikwa gazetini, namuuliza limeandikwa namna gani.

Ilikuwa miaka michache baada ya Uhuru. Nilikuwa nimeolewa Karungu kutoka Kendu Bay, na mume wangu alivua kwenye mashua ya watu sita. Waliondoka Jumatatu. Jumanne ziwa likachafuka vibaya. Ijumaa shemeji yangu, aliyekuwa karani Homa Bay, akaja na gazeti la Kiswahili. Akalisoma uani mbele ya watu, akiligeuza kwa Dholuo kadiri anavyokwenda: mashua ya Karungu imepinduka, wavuvi wote sita wamekufa.

Watu wote wakanitazama. Kwetu mke ndiye hupiga nduru ya kwanza. Kabla hajapiga, hakuna anayelia. Akishapiga, mume amekufa, na mambo yanaanza: moto wa uani, wembe wa kichwa, na wazee kuulizana ni ndugu yupi atamrithi mjane. Ndugu alikuwa mmoja, huyo huyo mwenye gazeti. Sisemi alikuwa na nia mbaya. Nasema alikuwa mmoja.

Nikamwambia anipe hilo gazeti. Nikaweka kidole nikasoma polepole: inasemekana wavuvi wote sita wamekufa maji.

"Kuna neno umeliruka," nikamwambia.

"Hilo 'inasemekana'? Hilo ni la magazeti tu, nyar Kendu. Wao huliweka."

"Wanaliweka kwa nini? Nani aliyesema?"

"Gazeti limesema."

"Gazeti linasema kuna mtu alisema. Nitafutie huyo mtu, ndipo nitalia."

Mama mkwe akanishika mkono, akanisihi nisimwache mwanawe bila machozi. Nikamwambia mama, ngoja. Watu wakanung'unika kwamba nyar Kendu, binti wa Kendu, ana moyo wa jiwe. Nikaingia ndani na gazeti.

Nililisoma lote siku mbili. Sikulala vizuri, sikumaliza kazi hata moja. Nilikuwa napura mtama naacha, nateka maji naacha, narudi kwenye karatasi. Mkuu wa wilaya alifungua josho la ng'ombe: hapo hawakusema inasemekana, alifungua, na picha yake ipo. Bei ya pamba, inasemekana itapanda. Mzee wa mtoni, inasemekana aliuawa na kiboko. Nikaelewa. Penye macho ya mwandishi neno hilo halipo. Lipo pale ambapo alikaa mezani akaletewa habari. Basi kwetu Karungu hakufika.

Jirani yangu, ambaye mumewe alikuwa mashua ile ile, alikuja kuniuliza kama ni kweli gazeti halina hakika. Hakujua kusoma. Nikamwonyesha neno kwa kidole. Akaenda akamwambia baba mkwe wake kwamba naye hatalia bado. Akarudi kupika na kufagia kama kawaida, hata akamwekea mumewe samaki mkavu.

Jumatatu mchana mume wangu akaja kwa miguu, shavu limevimba. Jino lilimuuma, wakamshusha kisiwani Mfangano kabla ya dhoruba, akakaa huko hadi akapata mashua nyingine. Alipoona watu wamejaa uani akasimama langoni akaniuliza ni nani amekufa.

"Wewe," nikamwambia. "Inasemekana."

Alicheka peke yake. Mimi nilikuwa nimeshika mwimo wa mlango.

Jioni hiyo habari za mashua zikaja. Watatu waliokolewa upande wa Tanzania. Wawili walipatikana ufukweni wakiwa wamekufa, na mmoja alikuwa mume wa jirani yangu. Alikuwa amekufa tangu Jumanne, na mkewe alikuwa anamwekea samaki.

Nilikwenda kulia naye. Alinipa nafasi ya kukaa, hakunifukuza. Katikati ya kilio akanigeukia akasema polepole, "Siku zote hizo alikuwa peke yake, hana wa kumlilia."

Neno lile la gazeti lilikuwa kweli kwangu, na kwake pia lilikuwa kweli, gazeti halikudanganya. Siku hizi wajukuu wakiwasha redio ya habari na 'inasemekana' likatajwa, mimi husimama nikatoka nje, nikatafuta kazi ya mikono.