Tulimwita kwa Kukanyaga Chini

Mdogo wangu alipoteza uwezo wa kusikia kwa homa kabla hajajua kusema vizuri, kwa hiyo nyumbani kwetu, kijiji cha wavuvi nje kidogo ya Musoma, hatukumwita kwa kupaza sauti. Tulikanyaga chini. Mama alikuwa na kisigino kizito: alikanyaga mara mbili sakafuni na mtoto akageuka, hata kama alikuwa amelala. Wageni walidhani tuna hasira muda wote. Kwa upande wangu hawakukosea sana.

Majina yetu sisi aliyatunga yeye, kwa mikono. Mama aliuza dagaa. Kabla hajafunga gunia alichukua dagaa mmoja akamng'ata kwa meno ya mbele. Akivunjika kwa mlio, amekauka. Akipinda, wote wanarudi juani. Basi mdogo wangu akimtaka mama, aliweka vidole viwili kwenye meno ya mbele akavivuta chini haraka. Huyo ndiye mama. Mimi nilimbeba mgongoni mpaka miguu yake ikawa inaburuza, kwa hiyo jina langu lilikuwa kujigonga bega mara mbili. Nina jina la ubatizo na jina la ukoo, na sijapata zuri kuliko hilo.

Siku moja mwalimu alikuja kutuambia kwamba kuna shule ya bweni inayopokea watoto viziwi, mbali kidogo na ziwa. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea uji, kisha akauliza swali moja tu.

"Mwalimu, huyu tunamwitaga kwa kukanyaga chini. Huko kwenu nani atamkanyagia?"

Mwalimu alimwambia kwamba huko wanakanyagiana wote, na wengine wanapungiana mikono, na kengele ya asubuhi ni taa inayowashwa na kuzimwa. Kesho yake nilimkuta mama anachagua dagaa wakubwa wakubwa wa safari, anamng'ata mmoja mmoja kana kwamba anapeleka posa.

Shule ilimfaa, nalisema hilo bila kinyongo. Alijua kusoma na kuandika, akapata marafiki wa kucheka nao. Lakini likizo ya kwanza alirudi na mikono mingine. Alikuja na alama ya mama wanayoitumia viziwi wote, na alama ya dada ambayo ingemfaa dada wa mtu yeyote. Nilipotumia zile zetu alicheka, vile watoto wa mjini wanavyomcheka shangazi akisalimia kwa lugha ya nyumbani. Usiache mbachao kwa msala upitao, nilitaka kumwambia, ila methali sikuweza kuitia mikononi. Mama alijitahidi kujifunza zile mpya. Vidole vyake vilikuwa vimekakamaa kwa kazi na kila alama yake ilifanana na mtu anayeparua samaki. Mdogo wangu alimrekebisha kwa upole, kidole kimoja kimoja, na mama alikubali. Mimi niligoma.

Miaka ikaenda. Mimi niliolewa Bweri, yeye aliolewa Nyamuswa na fundi seremala, kiziwi mwenzake wa shule ileile. Kisha mama akatutoka. Siku ya maziko nilimtazama mdogo wangu upande wa pili wa kaburi nikahesabu kichwani: lugha ile ya nyumbani ilikuwa na wasemaji watatu, sasa tumebaki wawili, na mmoja hataki kuisema. Tangu hapo nilikuwa na hamu moja ambayo sikumwambia mtu, hata mume wangu. Nilitamani nimwone mtu akijigonga bega kwa ajili yangu. Wengine wanatamani mashamba.

Mimba yake ilipokaribia kutimiza miezi tisa, aliniandikia ujumbe kwenye simu nije. Nilijua sababu. Tangu utoto mimi ndiye nilikuwa mdomo wake kila mahali penye mtu wa koti jeupe. Manesi walizungumza nami juu ya kichwa chake: muulize anaumwa wapi, mwambie anyooshe mkono. Alichoogopa ni kuzaa katikati ya watu wanaomfokea asukume, na yeye haoni hata midomo yao. Nilipanda basi mpaka Bunda, kisha gari la Nyamuswa, mkoba umejaa khanga na nafsi imejaa umuhimu.

Pale kituo cha afya tulipokewa na nesi kijana. Alimtazama mdogo wangu, si mimi, akamsalimia kwa mikono. Alikuwa amejifunza. Wakaanza kuzungumza kwa kasi ambayo sikuifuata, mdogo wangu akatabasamu katikati ya uchungu, mabega yakamshuka.

"Dada, wewe kaa hapo nje," nesi akaniambia. "Sisi tunaelewana."

Akavuta pazia. Nikakaa kwenye benchi na khanga zangu. Nilimshukuru Mungu kwa ajili ya yule binti, na papo hapo nilimwonea wivu. Tulichokuwa tunakiomba miaka yote kilikuwa kimefika, na ndani yake mimi sikuwa na kazi.

Mchana ulikuwa umekwenda sana niliposikia kishindo. Puu, puu. Kisigino kwenye saruji. Kimya, kisha tena. Nilisimama kabla sijafikiri, maana mwili wangu unakijua kile kishindo kuliko jina langu. Nesi alikuwa amefungua pazia, amechanganyikiwa.

"Ameacha alama zote," akasema. "Anafanya hivi tu, kwenye meno. Anasemaje?"

Mdogo wangu alikuwa ameshika kitanda, jasho linamtiririka, vidole viwili kwenye meno ya mbele, anavivuta chini. Tena na tena.

"Anamtaka mama," nikasema. "Na mama hayupo."

Nilisogea mbele ya macho yake, nikajigonga bega mara mbili. Akanitazama kwa muda. Kisha akaachia kitanda, akanigeuza, akaniegemea mgongoni kwa uzito wake wote, kidevu kwenye shingo yangu. Nesi alituacha hivyo mpaka wakati ulipofika.

Alizaliwa msichana. Kwetu mtoto hupewa jina la aliyetangulia, na mdogo wangu alimtajia nesi jina la mama, herufi kwa herufi kwa vidole, likaandikwa kwenye kadi. Nesi alipotoka, mdogo wangu alimfunua mtoto uso. Akaweka vidole viwili kwenye ule ufizi usio na jino hata moja, akavivuta chini haraka, kisha akanitazama kuona kama nimeelewa.

Nilielewa. Nililia pale kitandani bila aibu, na yeye akashusha mguu, akakanyaga chini ili ninyanyue uso.