Jozi Nne za Viatu Mchikichini

Shida ilinianza nina miaka kumi na moja, baba alipofariki akatuacha mimi na mama kwenye chumba kimoja Ilala. Shule ikaishia hapo. Tukaenda Mchikichini kuuza viatu vya mtumba.

Nilikumbuka haya juzi, mjukuu wangu wa chuo akiwa sebuleni anachora mistari, anajaza "kweli" na "si kweli". Nikamwambia hiyo naijua. Akacheka, "Bibi nawe! Hili ni jedwali la ukweli, la somo la mantiki." Basi kaa nikwambie wewe pia.

Meza zilikuwa chache, na mzee aliyezigawa alikuwa na mdomo. Kila jioni: "Ukichelewa, hupati meza!" Siku moja tukawahi, hata muuza chai hajawasha jiko. Meza akampa mwingine. Mama alipolalamika, akajibu, "Mama, nilisema ukichelewa hupati. Nilisema ukiwahi unapata?" Watu wakacheka. Mvua ilikuwa imenyesha, na viatu vikikaa kwenye tope hanunui mtu. Tukalala na njaa.

Mama hakulia. Alitandika gunia, akapanga jozi nne. Kiatu cha kushoto kilisema tumewahi au hatukuwahi. Cha kulia, tumepata meza au hatukupata. Ndiyo, kiatu kinasimama. Siyo, soli juu.

"Tafuta jozi inayomfanya mwongo," akaniambia.

Nikaiona moja tu: tumechelewa na tumepata. Kuwahi na kukosa hakukuvunja neno lake. Mzee hakudanganya, sisi ndio tulijiongezea.

Kesho yake mama akamfuata mbele ya watu. "Mzee, tuahidi hivi: ama tumechelewa, ama meza yetu."

"Si yale yale?"

"Kama yale yale, itikia."

Akaitikia, masikini. Asubuhi iliyofuata tukawahi, meza ina mtu. Nikapanga jozi zangu chini, nikaonyesha ile ya kuwahi na kukosa. "Babu, leo hapa ndipo unapodanganya." Soko likacheka tena, safari hii upande wetu. Meza tukapewa, na hatukuikosa tena.

Mjukuu aliposikia hayo, akaandika kwenye jedwali lake "ukiwahi, unapata" kando ya ahadi ya mama. Safu zikalingana mstari kwa mstari. Akauliza nani alinifundisha. Mama, nikamwambia, na hakujua kusoma.

Mama hayupo, yule mzee hayupo, ile meza ilishaoza. Siku hizi watu wakibishana sokoni wanapigiana kelele tu, hakuna anayepanga viatu. Mimi nina maduka mawili ya viatu Kariakoo, nyumba ya vyumba sita Ilala, na lori dogo la mizigo. Nafungua saa ninayotaka, na hakuna wa kuniambia nimechelewa.