Chale za Jumamosi

Baba alikuwa na hoja moja tu kuhusu jeshi, na aliirudia mpaka tukaikariri: viwanda vitauzwa, mashirika yatauzwa, hata reli wakipata mnunuzi wataiuza, lakini jeshi hawataliuza. Yeye alikuwa fundi wa mitambo kwenye kiwanda cha nguo. Walipopunguza wafanyakazi alipunguzwa na yeye, na tangu siku hiyo alikaa barazani kwetu Igogo na redio yake, akisikiliza taarifa ya habari kama mtu anayesubiri jina lake lisomwe.

Mimi nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na daraja la tatu la mkiani. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, miguu ya kukimbia, na hasira ambazo sikujua nizipeleke wapi. Kaka zetu waliotutangulia walikuwa wakipelekwa jeshini kwa lazima wamalizapo shule, wapende wasipende, na walirudi na vifua na hadithi. Zamu yetu ilipofika, lazima ikawa imeondolewa. Sasa ilibidi kuomba, na waombaji walikuwa wengi kama dagaa. Nilipeleka barua na nakala ya cheti, nikangoja, nikaitwa kwenye vipimo Jumanne ya wiki iliyofuata. Baba alinunua soda. Tulikunywa wawili, kwa sababu mama hakutoka jikoni.

Mama alikuwa na hoja yake, nayo ilining'inia ukutani. Ilikuwa picha ya mjomba, kaka yake wa pekee, amevaa kombati na kofia imelalia upande. Alikwenda vita ya Uganda na hakurudi, wala hakikuletwa kitu chake chochote, hata mkanda. Kila mgeni aliyeingia kwetu aliitazama ile picha, kisha akanitazama mimi, kisha akasema yale yale: mjomba mtupu. Nilikuwa napenda kuambiwa hivyo. Sikuwahi kumtazama mama usoni wakati wakisema.

Alikuwa ameshanitafutia nafasi kwa mzee mmoja wa Kihindi mwenye duka la vitambaa mjini, nikapime mita na kukunja majora. Nilimwambia sikusoma miaka kumi na moja nije kukunja vitambaa. Alininyamazia siku nne. Halafu Ijumaa asubuhi, nikiwa napiga mswaki, akaja akasimama nyuma yangu.

"Kama ni kwenda, baba, utakwenda," akasema. "Lakini kesho tunavuka Sengerema. Mama yangu akukinge kwanza."

Niligeuka na povu mdomoni. Mama alikuwa sauti ya kwanza kwenye kwaya. Jirani aliyewahi kumletea hirizi alisindikizwa mpaka barabarani na hirizi yake. Leo anataka nikachanjwe chale? Baba alicheka kwa furaha, akanipiga begani. "Umeona? Amekubali. Mwanamke akikubali usimwulize sababu." Hatukumwuliza.

Tukiwa njiani kwenda kivukoni, mama alisimama kwenye kibanda akanunua wembe mpya, akaufunga kwenye pindo la khanga. Miaka ile ya hofu ya ukimwi hakuna aliyechanjwa kwa wembe wa mwenzake; hata kwa mganga uliingia na wako. Kwenye kivuko alikaa akiyatazama maji muda wote. Katikati ya ghuba akaniuliza, "Ni Jumanne hii?"

"Jumanne hii, mama. Saa mbili."

"Hii hii inayokuja, siku tatu tu?"

Nilimjibu kwa ukali kwamba ndiyo, Jumanne ni moja tu kwa wiki. Akaitikia kwa kichwa.

Bibi alitupokea kwa utani wake. "Shikamoo bibi," nikasema. "Malahaba, mume wangu," akajibu kwa Kiswahili chake cha Kisukuma. "Nasikia unataka kuniacha mjane." Lakini mama alimwita jikoni, wakaongea Kisukuma kwa sauti ya chini, muda mrefu kuliko inavyohitajika kuomba dawa. Nilichokisikia wazi ni neno moja, Jumanne, likisemwa na bibi, halafu na mama, halafu na bibi tena kwa sauti ya juu. Bibi alipotoka na kibuyu chake utani wote ulikuwa umemwisha. Alinikalisha kwenye kigoda, akapokea wembe kutoka kwa mama, akanichanja kifuani, mabegani na kwenye viwiko, mistari miwili miwili, akisugua unga mweusi kila alipokata. Uliwasha kama pilipili. Mimi niliyefaulu historia nilijua vizuri Majimaji iliishaje na risasi haigeuki maji kwa mtu yeyote. Lakini nilikaa kimya nikachanjwa, kwa sababu niliona ndiyo nauli ya ruhusa ya mama, na nilikuwa tayari kulipa hata mara mbili.

Jumapili vidonda vilivimba. Jumatatu vikaanza kutoa maji. Nilimwomba mama anichemshie maji ya chumvi, kama alivyotufanyia siku zote tukijikata.

"Usiviguse," akasema. "Dawa ya bibi yako haioshwi."

Nilivaa shati jeupe la shule na jasho likanichoma chini yake. Usiku nililala chali. Nilianza kuogopa, lakini nilijiambia kwamba askari hawezi kuogopa mikwaruzo ya wembe, na baba alikuwa ameshanipigia viatu rangi.

Jumanne tulikimbia kwanza. Nilimaliza wa nne katika kundi letu, na afande mmoja aliyeshika saa alinitazama mara mbili, akaandika kitu. Nakumbuka nilivyojisikia pale: kwamba dunia nzima ingeweza kubinafsishwa lakini mimi nilikuwa nimeshapata pa kuegemea. Kisha wakasema tuvue mashati, tubaki na bukta, tupange mstari mbele ya meza ya daktari.

Mstari ulisogea polepole. Walikagua meno, macho, nyayo. Aliyekuwa na mguu uliovimba kwa tambazi aliondolewa. Kila mtu alipoondolewa nilikunja mikono kifuani, kila niliposogea mbele nikailazimisha kushuka. Mtu aliyekuwa nyuma yangu akaninong'oneza, "Wewe, unavuja." Nilijifuta kwa kiganja, na kiganja kikatoka cheusi.

Daktari alinigusa kifuani kwa ncha ya kalamu. "Hii nini?"

"Chale, afande."

"Za lini?"

"Za utotoni, afande."

Alibonyeza kidogo. Maji yakatoka. "Utoto wako umeisha juzi?" Watu mstarini walicheka, na wale maafande walicheka zaidi. Daktari peke yake hakucheka. Alinieleza taratibu, karibu kwa upole, na upole ule ndio ulioniumiza: vidonda vibichi hawapokei, hawajui nilichopakwa, hawajui kilichoingia mwilini. "Upone. Wakitangaza tena uje." Akachora mstari juu ya jina langu.

Nilitembea kwa miguu kutoka uwanjani mpaka nyumbani nikilia, shati mkononi. Nilimweleza baba. Alifungua mdomo kutukana, nikaona tusi likimfika kooni na kukwama pale, maana mtu hamtukani mama mkwe, hata akiwa ng'ambo ya ziwa. Alizima redio. Siku tatu hakula chakula alichopika mama, kwa kuwa ni binti wa bibi. Siku ile mama alikuwa ametupikia mapanki, yale mabaki ya sangara yanayotoka kwenye viwanda vya minofu, na alikuwa amesimama na kifuniko cha sufuria mkononi.

"Wamesema hapana?"

"Wamesema vidonda."

Akarudisha kifuniko kwenye sufuria, akakaa.

Kesho yake nilivuka peke yangu, sikumuaga mtu. Nilikuwa nimemwandalia bibi maneno ambayo nisingethubutu kuyaandika hapa. Nilimkuta akianika mihogo. Sikumwamkia. Nilisimama mbele yake kama mdai, na yeye akanitazama, akasema, "Malahaba," kwa shikamoo ambayo sikuitoa. Maneno yangu yote yakapungua nguvu.

"Bibi, umeniharibia maisha."

"Kaa chini."

"Sikai. Ulijua wanakagua miili, ukanichanja siku tatu kabla?"

"Nilimwambia mama yako," akasema, huku akigeuza kipande cha muhogo. "Nikamwambia, nikichanja leo, mtoto aende mwezi ujao. Hata mjomba wako walimludisha mala ya kwanza kwa vidonda hivi hivi. Mama yako ndiye aliyembebea mfuko siku ile. Anajua. Akasema chanja, mama, ni Jumanne."

Nilikaa chini.

"Kwa nini ulikubali?"

"Nilizaa wawili," bibi akasema. "Mmoja jeshi lilimpokea."

Akaniomba nisimwambie baba. Alisema yeye ni mzee, lawama ya mkwe wake anaweza kuibeba, ila mama yangu ana miaka mingi ya kuishi katika nyumba ile. Sikumwahidi. Kwenye kivuko niliyapanga upya maneno yangu, safari hii ya mama, na yalikuwa makali kuliko ya kwanza. Nilimchukia. Naandika hivyo kwa sababu ni kweli: kutoka gati la Kamanga mpaka ng'ambo nilimchukia mama yangu mzazi.

Alikuwa nyuma ya nyumba na ungo, akichambua mchanga kwenye dagaa.

"Ulijua," nikasema.

Nilitaka akatae. Angekataa ningempigia kelele mtaa mzima ukasikia.

"Nilijua," akasema.

"Umenunua wembe mwenyewe! Kwa mkono wako! Umeniua, mama."

Hakuinua kichwa. Mikono yake iliendelea na dagaa. "Kaka yangu walipomrudisha alilia kama ulivyolia wewe jana. Nikamwonea huruma. Nilichemsha maji ya chumvi asubuhi na jioni, nikamwosha kwa mikono hii. Siku tisa tu vikakauka. Bibi yako mwenyewe alishangaa. Wakatangaza tena, akaenda, wakampokea." Hapo akasimamisha mikono. "Mimi ndiye niliyemponya, baba."

Niliingia ndani. Picha ya mjomba ilikuwa pale pale, kofia upande, na kwa mara ya kwanza niliangalia chini ya shingo yake, pale kola ya kombati ilipoachia. Makovu mawili madogo yalionekana, yamepona vizuri sana.

Sikumwambia baba. Lawama ilibaki kwa bibi mpaka alipofariki, na msibani baba alikaa mbali na jeneza kuliko ilivyotakiwa. Niliona mama akimwona.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Miezi michache baada ya vipimo vile tangazo jingine lilibandikwa kwenye ofisi ya kata. Mwisho wa kujiandikisha ulikuwa Jumatatu, saa nne asubuhi. Chale zangu zilikuwa zimekauka zamani, na baba alikuwa ameanza tena kuongelea jeshi ambalo haliuzwi. Mimi nilisema nitaenda. Nilisema kwa sauti, mezani, mama akisikia, na nilijisikia vizuri kumwona anasikia.

Jumatatu niliamka nikakuta shati langu jeupe limepigwa pasi na limewekwa kitini, na cheti changu kwenye bahasha juu yake. Nilidhani ni baba, lakini baba alikuwa anakoroma. Nikatoka uani. Mama alikuwa amechuchumaa karibu na jiko la mkaa, na mbele yake beseni la maji yanayofuka mvuke.

"Ya nini haya?"

"Yako. Oga kabla hujaenda."

Nilichovya kidole nikalamba. Yalikuwa na chumvi.

"Mama, nilishapona."

"Najua," akasema. "Lakini uliniomba nikakunyima. Silali vizuri tangu siku ile." Akainuka, akajifunga khanga yake, akaenda kanisani kwenye mazoezi ya kwaya ambayo najua hayakuwepo siku za Jumatatu.

Nilikaa kwenye kigoda chake. Baba aliamka, akaniita mara ya kwanza kwa furaha, mara ya pili kwa wasiwasi, mara ya tatu akisoma saa kwa sauti kutoka barazani. Niliweka mikono yangu ndani ya lile beseni, viganja chini, nikaiacha humo mpaka maji yakapoa, na redio ya baba ikatangaza saa nne.