Diski Ilipojaa na Mbegu za Zagayu Zikingoja

Siku yangu ya kwanza kazini, masjala ya chama cha ushirika pale Bariadi, nilifika kabla mlinzi hajafungua geti. Nyumbani kwetu Zagayu nilikuwa nimelima pamba tangu nipate nguvu za kushika jembe, na sasa nilikuwa nimepata kazi ya kivulini. Masjala, kwa ninyi mliokua na simu mkononi, ni chumba cha kutunzia mafaili yote ya ofisi. Mkuu wa Masjala alikuwa mzee mkali. Alinipa karatasi tatu na kaboni mbili, zile karatasi nyeusi zinazopitisha maandishi kutoka ya juu kwenda za chini.

“Binti, hapa kila kitu kina nakala tatu,” akaniambia. “Nyeupe inakwenda, pinki inabaki, njano inafungiwa stoo. Ukiniletea mbili, utarudi nazo ulikotoka.”

Sikumletea mbili hata siku moja. Nilipohamishiwa Mwandoya kuwa karani wa mizani, niliendelea na tatu tatu zangu. Hata orodha ya wageni wa harusi ya mdogo wangu niliiandika na kaboni mbili chini yake, na ndugu zangu wananicheka mpaka leo.

Kisha soko huria likaingia. Zamani pamba ilinunuliwa na chama peke yake. Sasa wakaja wanunuzi binafsi, kila mmoja na mizani yake na lori lake. Chama kikapunguza watu na wenzangu wengi walilia. Mimi, niseme ukweli, nilisisimka. Kiwanda kipya cha kuchambua pamba kilifunguliwa nje ya mji, kikaniajiri kutunza kumbukumbu, na mezani kwangu ikawekwa kompyuta mpakato, ile ya kukunja. Ilikuwa imeshatumika sana huko ilikotoka, nzito, ya kijivu, na ikiwaka inanguruma kama mashine ya kusaga. Niliipenda siku hiyo hiyo.

Meneja alikuwa mtu wa haraka. “Mama, kuanzia leo karatasi basi,” alisema. “Kila mzigo unaoingia, andika humo.”

Niliandika kijiji pamba ilikotoka, siku ilipoingia, na namba ya rundo ambako mbegu zake zilimwagwa. Bwana Mbegu, afisa wa kilimo aliyetusimamia, ndiye aliyenieleza sababu. Pamba ikichambuliwa, nyuzi huenda kuuzwa na mbegu hubaki. Nyingine hukamuliwa mafuta, nyingine hurudi kwa wakulima. Hatari ilikuwa mnyauko, ugonjwa unaosafiri na mbegu na kuingia kwenye udongo, ukakaa humo miaka na miaka.

“Zamani chama kilizuia pamba ya eneo gonjwa isichanganyike na ya eneo safi,” alisema. “Sasa malori yanakwenda popote. Kinga iliyobaki ni hiyo orodha yako, mayu.” Mayu ni mama kwa Kisukuma.

Zagayu ilikuwa bado safi. Kaka yangu alikuwa akilima shamba lile lile tulilolima na baba.

Msimu wa kupanda ulipofika, mvua zilikuwa zimeanza na lori limesimama uani kupakia mbegu za kupeleka Zagayu. Kaka alikuja na wenzake kuzifuata. Bwana Mbegu akaniomba nichape orodha, tujue rundo lipi ni salama. Nikabonyeza, kompyuta ikakataa. Diski imejaa. Diski ni ghala la ndani la kompyuta, na likijaa hata kuchapa haiwezi, kwa sababu inahitaji nafasi ya kuiandaa kazi kabla ya kuituma kwenye printa.

Meneja akatazama saa. “Mbegu ni mbegu. Wapakie rundo la mlangoni.”

“Rundo hilo sijui limetoka wapi,” Bwana Mbegu akasema.

“Basi dereva anakwenda kujaza dizeli. Akirudi, anapakia.”

Moyo ulinienda mbio, na sitaficha kwamba kulikuwa na raha ndani yake, raha ya mtu anayeona kazi yake inahitajika kweli. Nikafuta michezo ya karata. Nikafuta picha za milima yenye barafu ambazo mwenye kompyuta wa kwanza aliziacha. Bado imejaa. Kumbe faili ukilifuta linakwenda kwenye pipa la taka, na pipa lenyewe limo ndani ya diski. Ni kama kufagia nyumba ukasukumia uchafu chini ya kitanda. Nikalimwaga pipa. Ikapatikana nafasi kidogo, haitoshi.

Bwana Mbegu akavuta kiti. “Panga mafaili kwa ukubwa, tuone nani anakula ghala.”

Nikayapanga. Yakajitokeza moja baada ya jingine: orodha ya Jumatatu nyeupe, orodha ya Jumatatu pinki, orodha ya Jumatatu njano. Jumanne vivyo hivyo. Kila jioni ya msimu mzima nilikuwa nimehifadhi orodha yote upya, mara tatu.

“Mayu, hizi ni nini?”

“Nakala. Nyeupe inakwenda, pinki inabaki, njano inafungiwa stoo.”

“Na stoo iko wapi?”

Nikaionyesha kompyuta. “Humo humo.”

Alicheka mpaka akashika meza. Mimi niliona aibu ya kufa mtu. Kisha akanipa flopi, ile sahani bapa ya kuhamishia mafaili, akaniambia niweke humo orodha ya mwisho na kuitoa. “Nakala ni ile inayokaa mbali na mwenzake,” alisema. “Zikilala pamoja, mashine ikifa zinakufa zote.”

Kuifuta ile njano ya kwanza kulinishinda mara mbili. Kule masjala, kuharibu faili kulikuwa kosa la kufukuzwa kazi. Nje nikasikia lori linarudi, nikafumba macho, nikafuta, kisha nikafuta zote, nikamwaga pipa. Printa ikaanza kukwaruza. Niliruka kwenye kiti, mtu mzima, na sijutii.

Tukasoma. Rundo la mlangoni lilikuwa limetoka vijiji vya mnyauko. Meneja aliusoma mstari ule mara mbili, halafu akatoka mwenyewe kuwaambia vijana wapakie rundo la saba, lililotoka vijiji safi. Kaka yangu alinipungia mkono, kanuna. “Mmetuchelewesha sana, dada,” alisema.

Nimestaafu, nimerudi Zagayu, shamba langu linapakana na lake. Vijana wananiletea kompyuta zao zilizochoka nizipunguzie mzigo, na bado mikono inaniwasha kwa furaha nikiona nafasi inafunguka. Lakini kila msimu, kabla ya kuvuna, naingia shambani kwa kaka na kisu. Nang'oa shina moja na kulipasua katikati, maana mnyauko huacha michirizi ya kahawia ndani ya shina. Mwaka huu pia lilikuwa jeupe tupu. Kaka hulalamika kwamba namharibia pamba yake, na mimi sijawahi kumwambia natafuta nini.