Vidonge vya Njano na Haraka Yangu ya Kupona

Nilipokuwa na miaka tisa, marafiki zangu watatu walimeza dawa zangu ili mimi nipone. Msicheke kwanza. Malaria ndiyo ilitufundisha: unameza vidonge mpaka viishe, vikiisha umepona. Sasa mimi nina selimundu, ugonjwa wa damu niliourithi kwa baba na mama wote wawili, labda jambo pekee walilowahi kukubaliana. Kila asubuhi mama alinitolea kidonge kimoja cha njano kwenye kopo la maziwa ya unga. Kimoja! Kwa mwendo ule ningepona nikiwa babu.

Na haraka nilikuwa nayo. Kwetu Kirumba wenzangu walishinda ziwani wakiogelea, mimi juu ya jiwe nalinda kaptula zao, maana maji ya baridi yakinipata, mifupa inauma hadi naita mababu.

"Vimebaki vingapi?" aliuliza jirani yangu, bingwa wa kupiga mbizi.

"Robo kopo."

"Kumbe kidogo! Tukusaidie." Kwao kijijini watu walilimiana mashamba kwa zamu, akaona na hili ni shamba tu.

Tukajificha nyuma ya choo, tukameza kwa maji ya kata.

"Mbona si chungu? Dawa gani hii?"

"Nyamaza, mimi nasikia damu inapanda!"

Baadaye tukajipanga kwenye jiwe, tukakojoa. Njano inayowaka! Bingwa akapiga kelele, "Ugonjwa wake huo unatoka!" Tukakimbilia ziwani.

Maji yalinifika magotini, sijapiga hata mbizi moja, nikamwona mama ufukweni na kopo mkononi.

"Wewe! Dawa ziko wapi?"

"Zimeisha, mama. Nimepona."

Vichwa vitatu vikaelea majini: "Shikamoo mama."

Alituswaga wote wanne hadi zahanati. Nesi akacheka mpaka akashika meza: hizo zinasaidia mwili kutengeneza damu, wamezikojoa tu, ila wasirudie. Kisha akanipa pakiti mpya. Njano ileile.

"Hizi utameza kila siku, baba. Haziishi."

Hapo utani ulinitoka. Nikalia kweli, kamasi hadi kidevuni. Bingwa akamvuta nesi koti: "Shikamoo. Sisi tusimsaidie hata nusu?"

Jumamosi mama akaweka beseni kubwa la maji juani, juu ya jiwe letu, hadi yakapata moto. Nikaingia, maji kifuani, mfalme. Wenzangu wakapanda kutoka ziwani, meno yanagongana.

"Ya moto?"

"Ya moto."

"Sogea basi!"

Wakaingia wote. Maji yakamwagika, nikabaki kwenye beseni kavu nimebanwa na magoti sita, nacheka hadi mbavu zinauma. Maumivu yale hayakuwa ya selimundu.

Ila kule ziwani kaptula zilikosa mlinzi, na ya bingwa ikaibwa. Mpaka leo, tuko kidato cha pili, ananilaumu mimi.