Dada yangu, volti na kwaya ya Roret

Marafiki, leo dada yangu amenifunga mdomo mbele ya kwaya nzima.

Asubuhi niliiongezea kompyuta yangu kasi ili imalize haraka kutengeneza video ya kwaya yetu hapa Roret. Prosesa, ule ubongo wa kompyuta, ikikimbia inataka umeme zaidi, kwa hivyo nikaipandishia volti. Nikaijaribu. Imetulia kabisa! Nikajipigia makofi.

Lakini si mnajua Roret na mvua yake? Mchana mvua ikaanza.

Nikafunga dirisha. Wanakwaya wakaingia na masweta yao kuangalia video. Chumba kikajaa, joto likapanda.

Kompyuta ikazima.

Nikaiwasha. Ikazima tena.

"Wacha niongeze volti," nikasema, kama fundi.

Chelangat, dada yangu, anaimba sauti ya pili na anatengeneza kompyuta kule Chepilat. Akanisukuma pembeni.

"Volti ndiyo inaleta hiyo joto. Na uliipima asubuhi, na baridi yote ile, dirisha wazi."

Akashusha volti kidogo, na kasi kidogo.

Mimi mbio kufungua dirisha.

"Wacha dirisha! Kama ni kuzima, izime saa hii, na joto hili, tukiwa hapa."

Kisha akamimina chai. "Mpaka thermos iishe, hakuna mtu kutoka!" Watu wanakunywa, wanatoa jasho, kompyuta inafanya kazi.

Thermos imeisha. Video pia imekamilika, tukaiangalia. Mama mwenyekiti wa kwaya amejiona akiimba, akalia.

Sasa semeni ukweli: dada zenu wanafanya nini? Wangu siazimi mtu.